Nani Anayewahatarisha Wanyama wa Lomami?

Kusema bonobo, nyani mkubwa wa mkoa wa Maniema nchini Kongo (DRC), yuko hatarini ni kutoa nusu ya habari, kwa maana kuhatarisha ni tendo, na kila tendo lina mtendaji. Wengi humnyooshea kidole mwindaji. Mimi naona tuitazame kwanza njia ya Kindu: nyama ya porini, iliyokaushwa kwa moshi, hubebwa kwa baiskeli kutoka misitu ya Lomami hadi masoko ya mji huo ulio kando ya mto Lualaba. Pasipo mnunuzi wa mjini, mwindaji angeua kiasi cha chungu chake. Katika misitu hiyo ya Lomami ndimo anamoishi pia lesula, kima ambaye wanasayansi walimtambulisha mwaka 2012 tu, na mwaka 2016 serikali ilitangaza huko Hifadhi ya Taifa ya Lomami, yenye karibu kilomita za mraba 9,000.

Watu watapinga wakisema maskini hana kitoweo kingine. Kwa mwanakijiji hoja hiyo ina uzito, nami naiheshimu; lakini shehena inayosafirishwa mbali kutafuta faida si njaa tena, ni biashara. Ukaguzi uanzie kwa mchuuzi, na ufugaji wa kuku na samaki upewe fedha.