MOYO UNAUMWA, KWA NINI WAGUSE MGUU?

Ndugu msomaji, mzee mmoja alikuja kwenye zahanati yetu. Kifua kilikuwa kinambana kila akipanda kilima. Hospitali kubwa ilimshauri afanyiwe upasuaji wa moyo. Alikataa. Alisema, "Moyo ndio unaoumwa. Kwa nini wanikate mguu?"

Swali lake ni zuri. Lakini mguu haukatwi. Daktari hupasua ngozi ya mguu na kutoa mshipa mmoja tu. Tuone sababu.

Moyo husukuma damu mwilini. Nao moyo unahitaji damu, na una mishipa yake. Mafuta yakijikusanya ndani ya mishipa hiyo, njia huwa nyembamba. Ndipo kifua hubana. Ni kama mfereji wa shamba uliozibwa na matope. Mkulima huchimba mfereji mwingine pembeni, maji yakafika shambani. Daktari naye huunganisha mshipa mwingine, ili damu ipite pembeni ya mahali palipoziba.

Mshipa huo hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe, katika sehemu hizi:

1. Kifuani. Ndani ya ukuta wa kifua kuna mshipa wa kushoto na wa kulia. Hii ndiyo bora, kwa sababu imezoea nguvu ya damu. Mshipa wa kushoto huunganishwa na mshipa mkubwa wa mbele ya moyo. Baada ya miaka 10, kwa wagonjwa 9 kati ya 10 huwa bado uko wazi.

2. Mguuni. Mara nyingi moyo umeziba mahali pengi, na mshipa wa kifua peke yake hautoshi. Mshipa wa mguu ni mrefu, hutoa vipande kadhaa. Lakini kazi yake ni kurudisha damu polepole. Haukuzoea nguvu. Baada ya miaka 10, karibu nusu ya vipande hivyo huweza kuwa vimeziba. Mguu wenyewe huweza kuvimba kwa muda, kisha hupona, maana una mishipa mingine.

3. Mkononi. Ni mshipa ule tunaoushika tukipima mapigo. Kwanza daktari huhakikisha kwamba kiganja kinapata damu ya kutosha kwa mshipa wa pili. Kama hakipati, mshipa huo hauguswi.

Siku hizi upasuaji huu hufanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Ndugu msomaji, mfereji mpya usipotunzwa nao huziba. Aliyepasuliwa aache sigara. Ameze dawa kila siku kama alivyoandikiwa, hata akijisikia mzima. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aendelee na matibabu.

Mzee yule alielewa, akaenda. Leo ana kovu mguuni, na kilima anakipanda kwa miguu yake yote miwili. Nawe ukiambiwa jambo usilolielewa hospitalini, uliza kwanza kabla ya kukataa.