Kura 4,096 zisizo na mpigaji

Mei 18, 2003 Wabelgiji walipiga kura. Katika manispaa ya Schaerbeek, jijini Brussels, kompyuta ikampa mgombea mmoja kura nyingi kuliko ambazo angeweza kupata. Kadi za sumaku walizotumia wapiga kura zikasomwa upya, ikabainika kuwa zilizozidi ni 4,096 kamili.

Namba hiyo ndiyo iliyowashtua wataalamu. Kompyuta huandika hesabu kwa sifuri na moja, na kila nafasi ina thamani mara mbili ya ile iliyotangulia: 1, 2, 4, 8, hadi nafasi ya 13 ambayo ni 4,096. Sifuri iliyo hapo ikigeuka kuwa moja, kura zimeongezeka bila mwizi. Programu ilichunguzwa, kosa halikuonekana, wakasema huenda chembe ya mionzi kutoka anga za juu iligonga kumbukumbu ya kompyuta. Haikuthibitishwa, na sisi tuliotoka nchi ambako kura huongezeka usiku turuhusiwe kucheka kidogo.

Lakini mionzi si mzaha. Novemba 2025 kampuni ya Airbus ilitangaza kuwa mionzi mikali ya jua inaweza kuharibu data za kuongozea ndege za aina ya A320, na ndege zipatazo 6,000 zikatakiwa kurekebishwa, nyingi kwa kubadilishiwa programu tu.

Wanaopeleka vyombo sayari nyingine hutumia chipu zilizotengenezwa kustahimili mionzi. RAD750, iliyomo ndani ya gari la Curiosity lililotua Mirihi Agosti 2012, ina kasi ndogo kuliko simu iliyo mfukoni mwako, na bei yake haisemeki. Mbinu mojawapo katika chipu za namna hii ni kuzipa saketi tatu kazi ileile. Moja ikikosea, mbili zinaishinda kwa wingi wa kura. Naam, hata humo ndani kuna uchaguzi!

Hakuna tume ya uchaguzi itakayonunua chipu za Mirihi, wala haina haja. Schaerbeek iliokolewa na kadi zilizobaki. Kwa hiyo anayetuletea mashine mpya za kura tumuulize kwanza: mashine ikishasema, kitabaki nini cha kuhesabu tena? Kenya, mwaka 2022, tume ya uchaguzi iliweka fomu 34A za vituo kwenye mtandao wake, na mwenye intaneti, awe Kisumu, Doha au Minneapolis, akaweza kujumlisha mwenyewe.