Kiti cha magurudumu: Mchoro ni wa bure, lakini mtumiaji aulizwe kwanza

FUNDI wa baiskeli kijijini ana karibu kila kitu kinachotakiwa kutengeneza kiti cha magurudumu: mabomba ya chuma, rimu, spoku, beringi na mashine ya kuchomelea. Anachokosa mara nyingi ni mchoro. Habari njema ni kwamba ipo michoro isiyouzwa.

Aliyesukuma kazi hiyo ni Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966. Alipotoka na kiti chake cha kwanza barabarani, kilikwama kwenye ufa wa njia ya waenda kwa miguu na kuharibika. Akaanza kujitengenezea.

Mwaka 1980 alikwenda Nicaragua, akakuta vijana wanne wakitumia kiti kimoja kwa zamu na kukikarabati wenyewe. Kutokana na ushirikiano wao ilikuja kuzaliwa taasisi ya Whirlwind Wheelchair International, ambayo haikuifungia michoro yake kwa hataza. Karakana ndogo za nchi mbalimbali ziliweza kuinakili na kuibadili.

Faida ya uwazi huo ni kwamba maarifa hurudi kutoka kwa watumiaji. Magurudumu ya mbele ya kiti cha hospitali ni membamba. Kwenye mchanga huzama, na aliyekaa huanguka kifudifudi. Kutoka Zimbabwe likaja gurudumu la mpira, pana, lisilozama kirahisi. Leo linajulikana kama gurudumu la Zimbabwe.

Hata hivyo, mchoro kuwa wazi hakutoshi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kiti kilichobuniwa na wanaume peke yao kinaweza kumfaa mwendesha ofisi, kisimfae mama anayepika kwenye mafiga, anayebeba mtoto mapajani au anayetaka kuteremka chini kupalilia bustani. Ndiyo maana kiwanda cha MADE cha Uganda, kilichoongozwa na Fatuma Acan, kilikuwa na uzito wa pekee: wanawake wenye ulemavu ndio walioshika mashine za kuchomelea.

Amos Winter wa chuo cha MIT, aliyefika Tanzania mwaka 2005 kuchunguza hali ya viti hivyo, alipata somo hilo hilo. Alibuni kiti cha kuendeshwa kwa mikono miwili ya chuma, kwa kutumia vipuri vya baiskeli. Ukishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima; ukishika chini unapata mwendo. Lakini kilipojaribiwa Afrika Mashariki mwaka 2009, watumiaji walisema ni kizito na kipana, na ndani ya nyumba kinasumbua. Kikapunguzwa uzito na upana.

Soko lipo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji kifaa kimoja au zaidi cha kuwasaidia, na karibu bilioni moja hawavipati.

Kwa fundi anayetaka kuingia katika kazi hii, mambo ya kuzingatia ni haya:

Kwanza, mpime mteja mwenyewe: upana wa nyonga, urefu wa paja na urefu wa mguu kuanzia goti. Kiti kimoja hakiwafai wote.

Pili, pima mlango wa nyumba yake na wa choo, kisha ifuate njia anayopita kwenda shambani au sokoni.

Tatu, tumia tairi na beringi zinazopatikana katika duka la jirani.

Nne, usisahau mto. Asiyehisi maumivu huweza kupata vidonda vya kukaa, na vidonda hivyo huua.

Tano, mwache akitumie siku kadhaa kabla ya kupaka rangi. Atakachokulalamikia ndicho cha kurekebisha. Mteja anayefika shambani kwake bila kusukumwa atakuletea wateja wengine.