MWENYE NYUMBA NA MPANGAJI ASIYELIPA: NJIA YA SHERIA NDIYO NJIA YA AMANI

(Mazungumzo ya radio juu ya amani katika makartie. Yamechapwa kwa ajili ya familia zilizohama makwao, mashefu wa avenyu na wa kartie, na wote wasiopata kusikiliza radio.)



Leo tunataka kuzungumza juu ya ugomvi ambao hauanzi na bunduki, lakini unaweza kuamsha kartie nzima. Ni ugomvi wa mwenye nyumba anayetaka chumba chake, na mpangaji ambaye hana franga ya kulipa.

Sisi wa Ituri tunaujua. Tangu Desemba 2017, vita ilipowaka tena katika eneo la Djugu, familia nyingi zilikimbilia Bunia. Wengine waliingia katika kambi, wengine walipokewa na jamaa, na wengine walipanga chumba kimoja au viwili kwa franga kidogo waliyotoka nayo. Kisha franga ikaisha, na shamba liko kule ambako mtu hawezi kwenda. Mwezi wa kwanza alilipa, wa pili alilipa nusu, wa tatu alianza kujificha anapomwona mwenye nyumba kwenye njia.

Lakini tumtazame na huyu mwenye nyumba. Mara nyingi si tajiri. Ni mjane mwenye vyumba viwili nyuma ya parsele, ama mwalimu mzee ambaye mshahara haumfikii. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo unga wa nyumbani, ndiyo dawa, ndiyo minervali ya watoto. Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kuomba haki yake si ubaya wa moyo.

Basi wote wawili wana sababu. Hatari inakuja pale mwenye nyumba anapochoka na kushika njia ya mkato. Anang'oa mlango. Anaondoa mabati mvua ikinyesha. Anafunga kufuli mama akiwa sokoni na watoto wakiwa ndani ya parsele. Ama anamwita askari anayemjua, anampa franga kidogo, na vitu vya mpangaji vinatupwa njiani. Na kwa kuwa mpangaji ni wa kabila moja na mwenye nyumba ni wa kabila lingine, jioni watu hawasemi tena, "Fulani hakulipa." Wanasema, "Wale wanatufukuza." Deni la miezi minne limekuwa vita ya kabila.

Kwa hiyo tunawaambia tangu mwanzo: nyumba inaweza kurudi kwa mwenyewe. Sheria inamruhusu. Lakini haimruhusu kujifanya mwamuzi na askari kwa wakati mmoja.

SHERIA INASEMA NINI?

Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 29, inasema kwamba makao ya mtu hayavunjwi, na hakuna anayeyaingia kwa msako isipokuwa kwa namna sheria inavyopanga. Chumba ulichopangisha ni mali yako, lakini ni makao ya yule anayelala ndani. Sheria ya adhabu ya 1940 inaadhibu mtu anayeingia kwa nguvu katika makao ya mwingine. Basi mwenye nyumba aliyekuwa anadai anaweza kujikuta yeye ndiye anayeshitakiwa.

Dekreti ya zamani, ya tarehe 30 Julai 1888, juu ya mapatano, inasema mpangaji ana kazi mbili kubwa: kutunza nyumba kama baba mwema wa familia, na kulipa kodi kwa wakati. Lakini dekreti hiyo hiyo, katika kifungu cha 82, inasema kwamba upande mmoja ukikosa kutimiza mapatano, yule mwingine anaomba tribinali ivunje mapatano hayo. Na mwamuzi anaweza kumpa mwenye deni muda, kufuatana na hali yake.

Halafu kuna sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ambayo inapanga habari za nyumba za kukaa. Sheria hii ilipunguza garanti: kwa nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi 3. Ilipanga pia preavi ya miezi 3 kwa anayetaka kumaliza mapatano ya nyumba ya kukaa. Na ilitaka mabishano yapite kwanza kwenye servisi ya serikali inayoshughulika na makao, ile watu wanayoiita Abita, ili kujaribu kupatanisha, mbele ya kwenda tribinali.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: hesabu iliyo wazi. Kaeni chini pamoja, mkiwa na karatasi na kalamu. Tuseme chumba ni franga 40,000 kwa mwezi, na miezi 4 haikulipwa. Deni ni franga 160,000. Tuseme garanti ilikuwa ya miezi 3, ni franga 120,000. Garanti haifuti deni leo, kwa maana ni akiba ya siku ya kutoka. Lakini inaonyesha kwamba mpangaji akitoka leo, na nyumba haikuharibika, atabaki na deni la franga 40,000 tu. Mara nyingi watu wanapiga kelele juu ya deni ambalo hakuna aliyelihesabu.

Hatua ya pili: mapatano madogo. Mpangaji anaweza kusema: nitalipa franga 40,000 ya kila mwezi, na juu yake franga 10,000 ya deni, mpaka miezi 16 iishe. Mwenye nyumba anaweza kuona ni muda mrefu, akaomba franga 20,000, iishe kwa miezi 8. Ama wote wawili wanaona haiwezekani: mpangaji anatoka tarehe fulani, garanti inakatwa, na iliyobaki inasamehewa ama inalipwa baadaye. Lolote mnalokubaliana liandikwe, liwekwe tarehe na sahihi au kidole, na mashahidi wawili. Kila mwenye nyumba atakayesamehe deni kidogo apate chumba chake upesi, mara nyingi anapata faida kuliko yule anayefuata kesi mwaka mzima.

Hatua ya tatu: barua ya onyo. Mapatano yakishindikana, mwenye nyumba anaandika barua. Aseme deni ni la miezi gani, ni franga ngapi, na anampa mpangaji mpaka tarehe gani. Mpangaji atie sahihi kwamba ameipokea. Akikataa, mashahidi waandike kwamba amekataa. Mwenye nyumba abaki na nakala. Barua hii isiwe na matusi, wala vitisho, wala jina la kabila la mtu. Mwamuzi ataisoma siku moja.

Hatua ya ine: Abita. Mwenye nyumba anapeleka barua, mapatano na risiti kwenye servisi ya makao. Watawaita wote wawili. Mkipatana, wanaandika proseverbali ya kupatana. Mkishindwa, wanaandika proseverbali ya kutopatana. Karatasi hiyo usiitupe, kwa sababu ndiyo inayokufungulia mlango wa tribinali.

Hatua ya tano: tribinali. Mwenye nyumba anafungua kesi kwenye grefe. Anaomba mambo matatu: mapatano yavunjwe, deni lilipwe, na mpangaji atoke. Wisie, yaani mtumishi wa tribinali, anampelekea mpangaji karatasi ya kuitwa. Mpangaji asikimbie siku hiyo! Akikosa kuja, anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa. Akija, anaweza kueleza hali yake na kuomba muda. Asiye na kitu aombe hati ya umaskini, ili aweze kusamehewa gharama za kesi.

Hatua ya sita: kutimiza hukumu. Hukumu ikitoka, wisie anaipeleka kwa aliyeshindwa. Sheria ya kesi za madai ya tarehe 7 Machi 1960 inampa aliyehukumiwa bila kuwako siku 15 za kupinga, na inatoa siku 30 za kwenda apeli. Muda ukipita, ama kama mwamuzi aliamuru hukumu itimizwe bila kungoja, wisie ndiye anayemtoa mpangaji, na kama kuna lazima polisi wanamsindikiza. Si mwenye nyumba, si watoto wake, si vijana wa avenyu.

Tunajua mtasema njia hii ni ndefu. Ni kweli. Lakini ugomvi mwingi unaisha katika hatua ya pili au ya ine, kama watu wanakaa chini mapema. Usingoje miezi 10. Mwezi wa pili usipolipwa, anza kuzungumza.

KWENU MASHEFU WA AVENYU NA WA KARTIE

Ninyi ndio watu wa kwanza kuitwa, hata usiku. Kazi yenu ni kupatanisha na kushuhudia. Mnaweza kuwaita wote wawili, kuandika mapatano, na kueleza njia ya Abita. Lakini barua ya shefu wa kartie si hukumu, na shefu hana ruhusa ya kutoa mtu ndani ya nyumba.

Na jueni jambo hili. Etat de siège ilipoanza Ituri na Kivu ya Kaskazini, tarehe 6 Mei 2021, makosa ya adhabu yalipelekwa kwa tribinali za kijeshi. Mabishano ya nyumba na madeni hayakupelekwa huko. Askari hakupewa kazi ya kudai kodi ya vyumba. Anayemlipa askari ili amtoe mpangaji anaingiza bunduki katika jambo la franga.

Shefu anayesikiliza ugomvi asianze kwa kuuliza, "Wewe unatoka wapi?" Aanze kwa kuuliza, "Mlipatana nini, na kipi kililipwa?" Ulizo la pili linaleta hesabu, la kwanza linaleta vita.

KWENU FAMILIA MLIOPANGA

Dawa ya deni ni kulipa. Kuwa mtu wa vita si risiti. Mwambie mwenye nyumba ukweli mbele ya siku ya kulipa, si baada yake. Leta hata kidogo, na udai risiti ya hicho kidogo. Kama kazi ya mikono inaweza kuhesabiwa, kama kufyatua matofali au kutengeneza paa, mkubaliane bei kwanza na kuandika. Na kama unaona hutaweza kabisa, tafuta chumba cha bei ndogo mapema, ukabidhi ufunguo mbele ya shahidi. Kutoka usiku bila kuaga kunaharibu jina la wote waliokimbia pamoja nawe. Kesho mama mwingine mwenye watoto ataomba chumba, ataambiwa hapana.

MAULIZO YA WASIKILIZAJI

"Tulipatana kwa kinywa tu, hakuna karatasi. Nina haki?" Ndiyo. Mapatano ya kinywa ni mapatano. Tafuta risiti, majirani waliojua, shefu wa avenyu. Na kuanzia leo andikeni.

"Nilipewa preavi ya miezi 3. Ni miezi ya bure?" Hapana. Preavi ni muda wa kujitayarisha kutoka. Ungali unalala ndani, kodi inaendelea.

"Polisi wamfunge katika kasho mpaka alipe?" Hapana. Kushindwa kulipa kodi ni deni, si wizi. Mapatano ya mataifa juu ya haki za raia na za siasa, ambayo inchi yetu iliyapokea katika 1976, yanakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano.

"Nichukue radio yake na magodoro kwa ajili ya deni?" Usichukue. Ni tribinali tu inayoweza kuamuru vitu vya mwenye deni vikamatwe.

"Nilimpokea jamaa bure, sasa hataki kutoka." Huyo si mpangaji, na hana deni la kodi. Lakini naye asitolewe kwa fimbo. Mwandikie tarehe, mbele ya wazee wa familia na shefu. Akikataa, tribinali.

"Mimi ninapangisha butiki." Nyumba ya biashara inafuata sheria ya OHADA, ambayo inchi yetu iliingia tarehe 12 Septemba 2012. Pale barua ya onyo inatoa angalau mwezi 1 mbele ya kwenda tribinali.

Ndugu wasikilizaji, siku moja vita itaisha na watu watarudi makwao. Wengine watakuta mtu mwingine analala ndani ya nyumba waliyoiacha. Siku hiyo nao watataka njia yenye karatasi, mashahidi na mwamuzi, si njia ya panga. Tujizoeze njia hiyo sasa, katika jambo dogo la chumba kimoja na franga za mwezi.

Kama wewe ni mwenye nyumba na kuna mtu hajakulipa, usimwendee usiku na vijana. Mwendee kesho asubuhi, na karatasi na kalamu. Kama wewe ndiye unayedaiwa, usingoje aje. Ondoka wewe kwanza, umbishie hodi.