Kipande cha Kijana

Kijana akitimiza miaka 18 hapa Kenya serikali humwuliza: wewe ni nani? Hujibu kwa kitambulisho cha mzazi. Wazee bado hukiita kipande, jina la enzi ya mkoloni, Mwafrika alipokivaa shingoni.

Wamakonde wa Kwale hawakuwa na cha kuonyesha. Babu zao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wajukuu wakazaliwa hapa, wakasoma hapa. Lakini bila kitambulisho hufungui akaunti benki, hupigi kura, na laini ya simu unaandikishiwa na jirani. Baba hana, nawe huna. Wako waliolificha kabila lao ili wasisumbuliwe. Je, mama anayemfundisha mwanawe kusema yeye si Mmakonde, tumlaumu? Mimi siwezi. Kosa naliona katika utaratibu uliouliza damu tu, usijali mtoto kazaliwa wapi.

Sheria ya uraia ya 2011 iliruhusu wasio na nchi waandikishwe, ila mambo hayakwenda. Oktoba 2016 Wamakonde wakashika njia kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo. Washona walifuata mwaka 2020.

Wapemba wa Pwani ya Kenya walingoja hadi 2023. Wengi wao ni wavuvi, na bila kipande mvuvi hakupewa leseni ya kuvua.