Mbwa ametusikiliza, sasa nasi tumsikilize

NI wanyama wachache waliotukanwa na Kiswahili kama mbwa. Mtu akidharauliwa huitwa mbwa; akidharauliwa zaidi huongezewa ukubwa akawa jibwa; na akitumikia matakwa ya mwenye nguvu huitwa kijibwa chake. Anayeishi kwa dhiki husemwa kuwa ana maisha ya mbwa, na anayekufa bila heshima hufa kifo cha mbwa. Hata methali hazikumwonea huruma. Twaambiwa kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini, yaani usimzoee asiyejua mipaka.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si daktari wa mifugo. Hata hivyo, nimevutiwa na mnyama huyu kwa sababu ya kitaaluma. Miongoni mwa wanyama wote tunaoishi nao, mbwa ndiye aliyejitahidi zaidi kuielewa lugha ya binadamu. Binadamu naye, mwenye lugha na akili na vyuo vikuu, hajajitahidi kuielewa lugha ya mbwa. Kutojua huko si jambo la kuchekesha tu. Wanaolipia gharama yake mara nyingi ni watoto.

Tuanze na neno lenyewe. Mwanafunzi wa shule ya msingi huliweka neno ‘mbwa’ katika ngeli ya A-WA kwa kuwa ni kiumbe hai, naye hafanyi kosa. Kwa umbo lake, hata hivyo, ni nomino ya kundi la N, na mzizi wake ni silabi moja tu: -bwa. Ndiyo maana mkazo huiangukia ile ‘m’ ya mwanzo, na ndiyo maana tukitaka ukubwa husema ‘jibwa’, na tukitaka udogo husema ‘kijibwa’, tukihifadhi ‘ji’ ili mzizi huo mfupi usibaki mpweke. Neno hili ni kongwe. Waluhya husema imbwa, Waganda embwa, Wanyarwanda imbwa, na wasemaji wa Kilingala huko Kongo husema mbwa kama sisi. Lugha nyingi za Kibantu zilizotawanyika masafa marefu namna hiyo hazikuazimana neno hili juzi. Zililirithi kwa mababu, ishara kwamba mababu hao walikuwa na mbwa wao kabla ya kuachana njia.

Huko Kongo kuna kisa kitakachowafurahisha wapenzi wa mbwa. Kuna aina ya mbwa wa asili ya nchi hiyo, mdogo, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja kama pete, ambaye habweki kama wenzake. Badala ya kubweka hutoa sauti ya kupanda na kushuka, mithili ya mtu anayeimba kwa koo. Ulimwengu mzima humwita basenji. Jina hilo latokana na maneno ya Kilingala yenye maana ya mbwa wa watu wa kijijini au wa porini, na kila msemaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa neno ‘washenzi’. Hivyo basi, mbwa anayefugwa kwa fahari katika majumba ya Ulaya na Marekani amebeba jina lililoanza kama dharau.

Wapo watakaosema kwamba dharau hii imetokana na dini. Ni kweli kwamba katika pwani yetu Waislamu wengi huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na hilo ni jambo la sheria na tohara linalostahili kuheshimiwa. Lakini najisi si chuki. Kurani yenyewe, katika Sura ya Pango, inamtaja mbwa aliyenyoosha miguu yake kizingitini akiwalinda vijana waliolala, nayo Sura ya Maida inaruhusu kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa. Aidha, katika hadithi za Mtume mna kisa mashuhuri cha mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Anayempiga mbwa mawe kwa mchezo asitafute kisingizio katika dini.

Sasa tutazame ujuzi wa mbwa katika lugha yetu. Mwaka 2004, watafiti wa Ujerumani walichapisha habari za mbwa aitwaye Rico, wa jamii ya mbwa wachunga kondoo, aliyejua majina ya vitu zaidi ya 200. Kilichowashangaza wanaisimu hakikuwa wingi wa majina hayo. Watafiti waliweka kitu kigeni kati ya vitu alivyovijua, kisha wakamtajia jina ambalo hakuwa amelisikia kamwe. Katika majaribio 10, Rico alileta kile kitu kigeni mara 7. Yaani alifikiri hivi: haya mengine nayajua majina yake, basi jina jipya lazima liwe la kile nisichokijua. Mtoto anayejifunza lugha mama hutumia mbinu iyo hiyo.

Rico alipitwa na mbwa mwingine wa jamii yake. Huko South Carolina, Marekani, profesa mstaafu wa saikolojia aitwaye John Pilley alimfundisha mbwa wake Chaser kwa muda wa miaka 3. Mwaka 2011 ulipochapishwa utafiti wake, Chaser alikuwa amejua majina ya vitu 1,022: mipira, wanasesere na vikorokoro vya kila aina. Fauka ya hayo, alitofautisha jina la kitu na jina la tendo. Akiambiwa achukue kitu fulani alikichukua, na akiambiwa akiguse kwa pua alikigusa kwa pua. Mwalimu wa sarufi atakubali kwamba huo ni mwanzo wa kutofautisha nomino na kitenzi.

Je, mbwa huelewa neno, ama husikia tu ukali au upole wa sauti? Watafiti wa Budapest, Hungaria, walilijibu swali hili mwaka 2016. Waliwazoeza mbwa 13 kulala bila kutikisika ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo unapofanya kazi, kisha wakawasemesha. Iligunduliwa kwamba mbwa hushughulikia maana ya neno na mwinamo wa sauti kwa njia mbalimbali, na kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na furaha iliamka pale tu maneno ya sifa yalipotamkwa kwa sauti ya sifa. Ukimtukana mbwa kwa sauti tamu hafurahi sana, na ukimsifu kwa sauti baridi hadanganyiki.

Matokeo hayo hunikumbusha swali ninalopenda kuwauliza wanafunzi wangu wa isimujamii: nyumbani kwenu mbwa husemeshwa kwa lugha gani? Darasa huangua kicheko, kwa sababu wote wanalijua jibu. Mbwa wetu huamrishwa kwa Kiingereza! Nyanya ambaye hakuwahi kuketi darasani, anayezungumza na ng'ombe, mbuzi na wajukuu kwa lugha ya mama, akimgeukia mbwa husema ‘kamu hia’. Nayo majina ni Tommy na Jimmy, isipokuwa pale mwenye mbwa anapotaka kuwatisha wezi akamwita Simba au Chui.

Kwa maoni yangu, hii ni kasumba ile ile inayotufanya tuone kwamba amri haina nguvu mpaka itolewe kwa Kiingereza. Mbwa hana kasumba hiyo. Yeye hushika sauti aliyoizoea. Mwaka 2022, watafiti wa Budapest walichapisha utafiti uliohusu mbwa 18 waliosomewa hadithi kwa Kihispania na kwa Kihungaria. Ubongo wa mbwa hao uliitofautisha lugha waliyozoea kuisikia nyumbani na lugha ngeni. Kwa hivyo mbwa aliyelelewa kwa Kiswahili ana Kiswahili chake, kwa namna yake. Tena Kiswahili chafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa amri zake ni fupi na huishia kwa irabu zinazosikika wazi: kaa, njoo, lala, leta, acha. Msihofu kwamba ‘kaa’ ni pia mnyama wa baharini na kipande cha makaa. Utata wa kileksia ni adha ya watahiniwa, si ya mbwa.

Malipo ya mwanafunzi huyu nayo ni rahisi. Akitii amri, apewe kitu kidogo papo hapo, kabla hajasahau alilolifanya: kipande cha ini lililochemshwa bila chumvi, yai lililochemshwa, au karoti. Chokoleti, vitunguu na zabibu asipewe kamwe, maana kwake ni sumu. Mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo wengi wetu humtupia kwa nia njema, huvunjika kwa ncha kali na yaweza kumtoboa matumbo.

Utiifu wa mbwa una visa vingi, na kimoja kinatuhusu sisi walimu. Huko Tokyo, Japani, mbwa aitwaye Hachiko alikuwa na desturi ya kumlaki bwana wake, Profesa Ueno wa chuo kikuu, katika kituo cha garimoshi cha Shibuya. Mwezi Mei 1925 profesa alifariki kazini ghafla. Hachiko aliendelea kufika kituoni kwa karibu miaka 10, hadi alipokufa mwezi Machi 1935. Sanamu yake ingalipo mahali pale.

Kisa cha pili ni cha kale zaidi, nacho chaonyesha kwamba fadhila haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1914, katika eneo la Oberkassel mjini Bonn, Ujerumani, lilipatikana kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa pamoja na mbwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Uchunguzi wa meno yake, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mbwa huyo alikuwa kilebu aliyeugua vibaya kwa majuma kadhaa. Asingeweza kuishi siku zote hizo bila mtu kumlisha, kumnywesha na kumpa joto. Kilebu mgonjwa hawezi kuwinda wala kulinda. Aliyemuuguza hakutarajia faida.

Nami sasa nauliza: iwapo mbwa amejifunza maneno yetu, sisi tumejifunza nini katika lugha yake? Mbwa husema kwa mwili. Mkia, masikio, midomo, macho na manyoya ya mgongoni ndiyo msamiati wake. Wahenga waliusoma msamiati huo, ndipo tukapata usemi ‘kufyata mkia’, kisha tukauhamishia kwa binadamu tukasema ‘kufyata ulimi’. Lakini watoto wetu husoma nahau hizo kwa ajili ya mtihani bila kumtazama mbwa mwenyewe.

Chukueni mfano wa mkia. Wengi hudhani kwamba mkia ukitikiswa ni furaha tu. La hasha! Watafiti wa Italia waliripoti mwaka 2007 kwamba mbwa akimwona bwana wake mkia huelekea zaidi upande wa kulia, na akikutana na mbwa mgeni mwenye ubabe huelekea kushoto. Kwa mtu wa kawaida inatosha kujua hivi: mkia uliolegea, unaotikisika pamoja na kiuno, ni salamu, mkia uliosimama kikavu na kutetemeka ni onyo. Mbwa aliyefyata mkia na kulaza masikio ana hofu, na mwenye hofu akikosa njia ya kukimbilia huuma. Akikenua meno na kunguruma amekwisha kutamka sentensi nzima. Asiyeielewa asiseme kwamba hakuambiwa.

Hapa ndipo mzaha unapokwisha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa. Miongoni mwa watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 40 kati ya kila 100 ni watoto wasiofikia umri wa miaka 15. Kenya iliweka mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu katika kipindi cha kuanzia 2014 hadi 2030. Dawa yake yajulikana: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Mbwa asiyethaminiwa, aitwaye koko na kufukuzwa kwa mawe, hana atakayempeleka kuchanjwa. Basi dharau yetu hutoka katika ulimi, ikapitia kwa mbwa, ikamrudia mtoto.

Walimu wenzangu, tuna vipindi vya ufahamu, insha na mazungumzo. Tunaweza kutenga kimoja tu kwa somo hili. Tuwafunze wanafunzi wasimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha vilebu. Wakikabiliwa na mbwa wasiyemjua wasikimbie wala kumkodolea macho, bali wasimame wima kama mti, mikono ubavuni, mpaka aondoke. Wakiumwa, hata kama jeraha ni dogo, walioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, wamwambie mtu mzima, na waende hospitalini siku iyo hiyo wapate chanjo, wazikamilishe sindano zote. Dalili zikishatokea, hakuna daktari anayeweza kuahidi kitu.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapoandika insha kuhusu mbwa, msiishie kusema kwamba ana miguu minne na mkia mmoja. Ketini kitako uani, mbali kidogo, mmtazame kwa nusu saa: masikio yake mgeni anapobisha, midomo yake anapoletewa chakula, mkia wake jina lake linapoitwa. Andikeni mlichokiona. Kisha waulizeni wazazi siku gani mbwa huyo alichanjwa mara ya mwisho, na jibu lao mliandike pia.