Waru za Kuponda Zinakutokea Kama Gundi? Fanya Hivi Zitoke Laini Kama za Hoteli

Wasee wa Meru na Embu, hii ni yenu. Waru zinalimwa hapo tu Kibirichia na Timau, zinapakiwa kwa malori kuelekea Nairobi, lakini ukiziponda kejani zinatoka kama gundi ya kubandika posta. Mgeni naye ako njiani na gesi inakaribia kuisha. Tulia. Mara nyingi shida si waru, ni vile unazishika.

Anzia sokoni. Ukiwa Gakoromone ama soko la Embu, uliza Shangi. Inaiva mbio na kupondeka bila noma. Shida yake ni moja: inachipua haraka. Kama unakaa bedsitter, usibebe gunia, chukua za siku chache. Yenye imegeuka kijani iache hapo hapo. Hiyo huwa na sumu inaitwa solanini, na kuchemsha haiitoi.

Chemsha kwa akili. Kilo moja inatosha watu wanne. Menya, kata vipande vinavyotoshana, osha, kisha uweke kwa maji baridi yenye chumvi ndio uwashe moto. Ukitupa waru kwa maji yanayochemka, nje itapasuka na ndani bado ni ngumu. Maji yakianza kuchemka, hesabu kama dakika 15. Kisu kikipita bila kusukuma, epua. Usiende kuskrol TikTok, Shangi haikungoji.

Kausha. Hapa ndio wengi huanguka. Mwaga maji yote, rudisha sufuria kwa moto mdogo bila kifuniko, tikisa kwa dakika moja ama mbili mpaka mvuke upungue. Waru yenye maji haina nafasi ya kunywa maziwa.

Ponda zikiwa moto. Mwiko wa ugali unatosha, hata chini ya kikombe cha chuma. Blenda wacha kabisa. Ndani ya waru kuna wanga, na ukiipiga sana huo wanga unatoka wote na kuvutana. Hapo ndio gundi hutoka, na hakuna maziwa yatakuokoa.

Siagi kwanza, maziwa baadaye. Tia vijiko vitatu vya siagi, koroga iyeyuke. Halafu maziwa moto, kama nusu kikombe, kidogo kidogo. Maziwa ya baridi yanapoza chakula na kukifanya kiwe kizito. Onja chumvi. Ukipenda, pitisha kitunguu saumu kwa siagi kabla uitie. Ikishalainika, wacha kukoroga.

Sasa usichanganye hii na mukimo wa shosho. Mukimo una mahindi, maharagwe na majani, na unafaa usimame kwa sahani. Hii nyingine inafaa iteleze kwa kijiko. Zote ni waru, lakini kila moja na kazi yake.

Ikibaki, iweke kwa friji. Kesho vingirisha madonge, pitisha kwa yai na unga, kaanga. Breakfast imejipa.

Haya, tuambie: mgeni akikuja, unampea mukimo ama hii laini ya siagi?